Pambizo Lina Wenyewe

Kama hapo ulipo pana karatasi iliyochapwa kwa kompyuta, iwe barua ya kikao, ratiba ya mitihani ya mtoto au mkataba wa nyumba ya kupanga, ichukue. Usiisome kwanza. Itazame sehemu isiyoandikwa kitu, ule ukanda mweupe unaoyazunguka maandishi kushoto, kulia, juu na chini. Hilo ndilo pambizo. Na kama karatasi hiyo ina jedwali, tazama nafasi iliyopo kati ya maneno na kuta za visanduku vyake. Leo nazungumzia nafasi hizo mbili, kwa sababu naona watu wengi, wasomi kwa wasio wasomi, wakihangaishwa na nyaraka ambazo kwa marekebisho ya dakika chache zingewafaa sana.

Wengi wetu tukiona weupe kwenye karatasi tunaona hasara. Pale steshenari kuchapa kuna bei yake, kutoa kopi kuna bei yake, na zote zinahesabiwa kwa ukurasa. Mtu anajiambia: nikibana pembeni, nitapunguza kurasa. Sababu hiyo naiheshimu, na nitairudia baadaye kwa hesabu. Lakini weupe ule una wenyewe. Upande wa kushoto ni wa mtu wa masjala atakayetoboa karatasi na kuiingiza kwenye faili. Kulia na chini ni pa kidole gumba cha atakayeishika akisoma. Pembeni ni pa mwalimu anayesahihisha, mkaguzi anayeweka alama ya vema, mwenyekiti anayeandika "nimeona" na kutia sahihi. Waliosoma madrasa wanavikumbuka vitabu vya zamani vilivyochapwa Cairo, matini ikiwa katikati na sharhi ikiizunguka pembeni. Na hata penye msongamano ule mwanafunzi alitafuta upenyo wa kuandika aliyoyasikia kwa shehe wake. Anayepanga ukurasa anapanga mahali pa kazi ya watu wengine.

Tuanze na karatasi yenyewe, maana pambizo haliwezi kupimwa vizuri kama karatasi haijulikani. Sisi Afrika Mashariki tunatumia A4, upana milimita 210, urefu milimita 297. Kipimo hiki kiliwekwa Ujerumani mwaka 1922, kwa kazi ya Walter Porstmann, na uzuri wake ni kwamba ukiikunja karatasi katikati unapata karatasi ndogo yenye umbo lilelile, A5. Ndiyo maana ratiba ya harusi au ya ibada huchapwa kurasa mbili kwenye A4 moja bila umbo kuharibika. Marekani wana karatasi yao, inaitwa Letter. Ni pana kuliko A4 kwa karibu milimita 6, na ni fupi kwa karibu milimita 18. Sasa, kompyuta nyingi zinazoingia kwetu zina mipangilio ya Kimarekani, na programu ya kuandikia inafungua ukurasa wa Letter pasipo kuuliza. Unaandika wiki nzima. Siku ya kuchapa, printa inawasha taa, inasimama, inadai karatasi ambayo duka zima halina. Au programu inaupunguza ukurasa kimyakimya ili uingie kwenye A4, na vipimo vyote ulivyoviweka kwa makini vinabadilika. Kwa hiyo kabla ya neno la kwanza, nenda kwenye mpangilio wa ukurasa, pale palipoandikwa Layout, hakikisha karatasi ni A4. Fanya hivyo mwanzoni, kwa sababu ukibadilisha ukurasa wa mia moja ukiwa umeshaandikwa, kila jedwali litahama.

Baada ya karatasi ndipo pambizo. Microsoft Word, tangu toleo la 2007, inaanza na sentimita 2.54 pande zote nne, yaani inchi moja. Matoleo ya kabla ya hapo yalikuwa na sentimita 3.17 kushoto na kulia. LibreOffice, ile ya bure, inaanza na sentimita 2. Hakuna kati ya vipimo hivi kilichowekwa kwa kukufikiria wewe na kazi yako. Ni mahali pa kuanzia tu.

Sasa nikupeleke mahali ninapopajua vizuri. Wiki za mwisho kabla ya kuwasilisha tasnifu, pita kwenye steshenari zilizo karibu na chuo kikuu chochote, Dar es Salaam, Dodoma au Morogoro. Utamkuta kijana ameshika flashi, macho mekundu kwa kukesha. "Shikamoo dada, naomba unichapie hii halafu uibaindi, nakala tatu." Dada anafungua faili, anatazama kioo, anamgeukia: "Marahaba. Mdogo wangu, hapa hujaacha nafasi ya kubaindi." Kijana amechagua pambizo jembamba lililomo kwenye orodha ya programu, sentimita 1.27 kila upande, ili kuokoa kurasa. Pima naye. Tundu la mashine ya kawaida ya kutobolea lina kipenyo cha milimita 6, na kitovu chake kiko milimita 12 kutoka ukingoni. Maana yake tundu linaishia milimita 15 ndani ya karatasi. Maandishi yake yanaanzia milimita 12.7. Tundu linapita juu ya herufi. Na kwa kitabu cha kubaindi kwa gundi hali ni mbaya zaidi: neno la kwanza la kila mstari linazama kwenye mkunjo, na mtahini analazimika kukibinya kitabu kwa mikono miwili ili alione.

Vyuo vingi hutaka pambizo la kushoto liwe pana kuliko mengine, mara nyingi sentimita 3.8 au 4. Mwanafunzi huiona kama amri ya kusumbua. Ukiondoa nafasi ya mshono, kinachobaki ni sentimita mbili na nusu hivi, sawa na pande nyingine. Ni haki ya macho tu. Programu zenyewe zinalijua hilo. Katika dirisha la mapambizo kuna kipimo kilichoandikwa Gutter. Hiyo ndiyo nafasi ya mshono, na huongezwa juu ya pambizo la kawaida. Weka pambizo sentimita 2.5 na mshono sentimita 1.5, umepata 4. Ukichapa pande mbili za karatasi, chagua mapambizo ya kuakisiana, ili ukurasa wa nyuma uwe na nafasi ya mshono kulia kwake, ambako ndiko mshono ulipo. Wasiojua hili huchapa pande mbili na pambizo pana linabaki kushoto kurasa zote. Nusu ya kitabu inasomeka, nusu imemezwa.

Nilisema nitairudia hesabu ya gharama. Ukipunguza pambizo kutoka sentimita 2.54 hadi 1.27 pande zote, eneo la maandishi linaongezeka kwa karibu asilimia 28. Kazi ya kurasa 100 inakuwa ya kurasa 78 hivi. Si akiba ndogo kwa mtu anayelipa kutoka mfukoni. Lakini tazama njia nyingine. Ukiyaacha mapambizo kama yalivyo, ukapunguza nafasi kati ya mistari kutoka moja na nusu hadi 1.15, zile kurasa 100 zinakuwa kama 77. Akiba ni ileile. Tofauti ni kwamba kwenye njia ya kwanza mstari mmoja wa Times New Roman ya ukubwa wa 12 unafika herufi mia moja hivi, na jicho likifika mwisho wa mstari mrefu namna hiyo linapotea njia likirudi kushoto. Linasoma mstari uleule mara mbili au linaruka mmoja. Mabingwa wa kupanga vitabu wanapenda mstari wa herufi 45 hadi 75. A4 yenye pambizo la kawaida tayari imeuvuka upeo huo. Kwa hiyo kama taasisi yako haijaagiza nafasi maalumu kati ya mistari, punguza hapo, uyaache mapambizo. Na chapa pande mbili.

Sasa majedwali, ambako ndiko kwenye maumivu makubwa. Ili tuelewe kwa nini yanaharibika, inabidi tukumbuke mashine ya taipu. Wahazili waliofunzwa Chuo cha Uhazili Tabora na kwingineko walikuwa mafundi wa kweli. Mashine ile ilikuwa na vizuizi viwili vya pambizo, kushoto na kulia, na kengele iliyolia mstari ulipokaribia kuisha. Na kila herufi ilichukua upana uleule: i sawa na m, nukta sawa na w, kumi kwa inchi moja au kumi na mbili. Kwa hiyo mhazili aliweza kuhesabu mapigo ya kitufe cha nafasi, na safu za tarakimu zikasimama wima kama nguzo. Ufundi ule ulirithishwa, lakini mashine ilibadilika. Kwenye fonti za leo i ni nyembamba na m ni pana. Ukipanga majina na fedha kwa kubonyeza kitufe cha nafasi mara ishirini, kwenye kioo chako panaweza kuonekana sawa, ila ukibadilisha jina moja, Asha likawa Mwanahamisi, mstari mzima unasogea. Ukifungua faili kwenye kompyuta nyingine, mistari yote inasogea. Kwa orodha fupi tumia kitufe cha Tab pamoja na alama zake kwenye rula ya juu. Kwa kitu chenye safu zaidi ya mbili, chora jedwali la kweli, kisha uiambie programu vipimo unavyotaka.

Ndani ya jedwali kila kisanduku kina pambizo lake. Word inaanza na sentimita 0.19 kushoto na kulia, na sifuri juu na chini. Hiyo sifuri ndiyo inayofanya maneno yagande kwenye kuta. Mtu anaona jedwali lake limebanana, anabonyeza Enter ndani ya kila kisanduku ili apate hewa. Visanduku mia, Enter mia. Badala yake, teua jedwali zima, fungua sifa zake, nenda kwenye mapambizo ya visanduku, weka sentimita 0.1 juu na 0.1 chini. Mara moja, kwa jedwali zima.

Kuna ugonjwa wa upande wa pili, na huu watu wengi hawajui unatoka wapi. Jedwali limefunguka mno: chini ya kila jina kuna weupe usioeleweka, na jedwali la mistari 30 halitaki kuingia kwenye ukurasa mmoja. Mtu anapunguza ukubwa wa herufi hadi 8, wazee hawaoni tena, na weupe bado upo. Chanzo chake ni nafasi ya baada ya aya. Word za miaka hii zinaweka pointi 8 chini ya kila aya, na pointi moja ni sehemu ya 72 ya inchi, kwa hiyo pointi 8 ni karibu milimita 2.8. Maneno yaliyobandikwa kutoka kwenye waraka mwingine huja na nafasi hiyo, na kila kisanduku kinahesabiwa kuwa aya. Mistari 30 mara milimita 2.8 ni karibu sentimita 8.5, zaidi ya theluthi moja ya urefu wa maandishi kwenye A4. Teua jedwali, weka nafasi ya baada ya aya kuwa sifuri. Jedwali litajikusanya mbele ya macho yako, na herufi zitabaki kubwa.

Kiswahili chetu nacho kina dai lake kwenye jedwali. Maneno yetu ni marefu, kwa kuwa nafsi, wakati, mtenda na mtendwa vyote huingia kwenye neno moja. Weka kichwa cha safu "Waliohudhuria" au "Kilichokusanywa" kwenye safu ya sentimita 1.5, na programu italikata neno popote inapoishiwa nafasi, hata katikati ya silabi, bila kistari. Nimeona taarifa za vikao zenye "Waliohudh" juu na "uria" chini yake. Anayepanga majedwali kwa kufuata fomu zilizotungwa kwa Kiingereza ataliona hili kila siku, maana neno la herufi nne kule linaweza kuwa la herufi kumi na tatu huku. Dawa ni kuanza na neno refu kuliko yote, kuipa safu yake upana wa kulitosha, kisha safu nyingine zigawane kilichobaki. Safu ya namba haihitaji zaidi ya sentimita moja. Na ndani ya jedwali usinyooshe maandishi pande zote mbili; kwa safu nyembamba na maneno marefu, mstari wa maneno mawili unavutwa mpaka pengo la katikati linatosha kuingiza neno la tatu. Maneno yaanzie kushoto, tarakimu za fedha ziishie kulia ili mamia yakae chini ya mamia na maelfu chini ya maelfu.

Jedwali lililotoka Excel likabandikwa kwenye waraka mara nyingi huvuka pambizo la kulia na kutokomea nje ya karatasi. Iamuru programu ilitosheleze jedwali kwenye upana wa ukurasa. Kama lina safu kumi na mbili na ukilitosheleza halisomeki, laza ukurasa huo mmoja peke yake: weka mwanzo wa sehemu mpya kabla yake na baada yake, kisha ugeuze sehemu hiyo tu. Watu hugeuza waraka mzima kwa ajili ya jedwali moja, na barua ya kurasa sita inasomwa kwa kulazwa.

Na fonti. Tangu mwaka 2023 Microsoft imeanza kuweka fonti mpya, Aptos, mahali pa Calibri. Ukiandika nyumbani kwa Aptos na steshenari wana Word ya zamani, kompyuta yao itaweka fonti nyingine yenye upana tofauti, mistari itavunjika mahali pengine, jedwali lililoishia ukurasa wa tatu litaingia wa nne. Dada wa steshenari hana kosa. Mpe faili la PDF. Hilo linabeba sura yake kama ulivyoiacha.

Nimebakiza jambo moja, na ndilo lililonifanya nitake kuzungumza leo. Ni daftari na fomu za vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, VICOBA na vingine. Katika kila kikundi kuna watu, wengi wao akina mama wakubwa, wasiotia sahihi kwa kalamu. Wanaweka dole gumba. Fomu wanazoletewa zimechapwa kwa mistari ya urefu wa kama nusu sentimita, ule unaotosha maandishi ya kompyuta. Dole gumba la mtu mzima lina upana wa kama sentimita 2. Kwa hiyo mama akiweka dole lake, wino unafunika jina lake, la aliye juu yake na la aliye chini. Mwisho wa mwaka, siku ya kugawana, ukitokea ubishi kwamba fulani alipokea au hakupokea, karatasi haiwezi kusema kitu. Alama za madole matatu zimepandana. Mama wa watu ametoa akiba yake mwaka mzima, na ushahidi wake umefutwa na mpangilio wa jedwali.

Kulirekebisha hilo hakuhitaji mtaalamu. Teua mistari yote ya majina, weka urefu wa sentimita 2. Programu itakuuliza kama urefu huo ni wa angalau au wa kamili. Chagua angalau, kwa sababu ukichagua kamili, jina refu litakatwa na halitachapwa lote. Safu ya dole ipe upana wa sentimita 3. Zuia mstari wa mtu mmoja usigawanyike kati ya kurasa mbili, jina likabaki ukurasa huu na dole likaenda ule. Amuru mstari wa vichwa vya safu ujirudie kila ukurasa, ili karatasi ya pili ikichomoka, mtu ajue ipi ni hisa, ipi ni mkopo na ipi ni mfuko wa jamii. Ndiyo, kikundi cha wanachama 30 kitatumia kurasa tatu badala ya moja. Zikichapwa pande mbili ni karatasi mbili.

Maafisa maendeleo ya jamii, watendaji wa vijiji na kata, makatibu wa vikundi, nawaomba ninyi mnaotunza fomu hizi kwenye kompyuta zenu. Fomu moja ikikosewa kwenye faili, hutolewa kopi na kusambazwa vijiji kwa vijiji, na kosa linakaa miaka. Lifungueni faili hilo wiki hii, mlirekebishe, mlihifadhi kama kiolezo, kisha mlifute lile la zamani lisije likachapwa tena.